Uzi: Kujenga nyumbani paneli ya ishara za reli inayoendeshwa na SimSig

#1 Keekee

Wakuu, heshima kwenu. Maswali kuhusu SimSig yamekuwa yakiibuka humu vipandevipande, na mengi yanaishia palepale: je, mtu anaweza kuachana na kipanya, akajenga ubao halisi wenye vitufe na taa kama ule wa wasimamizi wa ishara za reli, kisha programu ikauendesha? Anaweza, na kwa aliyezoea kulehemu kazi yenyewe haitishi. Nitaeleza kuanzia mantiki ya reli hadi nyaya, na hoja nitakayoishikilia ni kwamba paneli isiwe na akili yoyote. Isiamue wala isikisie. Ipeleke ombi la kitufe kilichobonyezwa, na iwashe taa ile tu ambayo programu imeagiza iwashwe.

Kwa asiyeifahamu, SimSig ni programu ya kompyuta inayoiga kazi ya msimamizi wa ishara nchini Uingereza. Skrini inaonesha mchoro wa reli za eneo fulani pamoja na ishara zake na pointi zake, yaani zile reli zinazosogea ili kuielekeza treni upande huu au ule. Treni zinaingia kwa ratiba, nawe unatakiwa uwe umezipangia njia kabla hazijafika. Kipande cha reli kilicho wazi kinaonekana kijivu, kikiwa ndani ya njia iliyopangwa kinageuka cheupe, na treni ikikikanyaga kinakuwa chekundu. Anayeanza ninamshauri achukue eneo dogo kama Royston, kwenye reli ya kati ya Hitchin na Cambridge, na alicheze kwenye skrini mpaka alizoee ndipo atoboe tundu la kwanza.

Sura ya skrini hiyo inatokana na vituo vya kompyuta ambavyo Waingereza walianza kuvitumia mwaka 1989. Kabla yake kazi hiyohiyo ilifanywa kwenye paneli za vitufe, nyingine ndefu kuliko chumba cha kulala, na ndizo tunazoziiga sisi. Mtindo wao mkuu ni wa kuingia na kutoka, ambao kwao ulianzia Brunswick, Liverpool, mwaka 1937. Msimamizi anabonyeza kitufe kilichopo kwenye ishara ambapo njia inaanzia, kitufe kinamweka, yaani kinawaka na kuzima, kisha anabonyeza kitufe cha mahali njia inapoishia. Hapo mfumo wa usalama unakagua kama kuna treni ndani ya vipande hivyo, kama kuna njia nyingine inayokatiza, na kama pointi zote zinaweza kusogea. Kila kitu kikiwa sawa, pointi zinasogezwa na kufungwa, mstari wa taa nyeupe unawaka kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia, na ishara inafunguka. Kufuta njia hakuhitaji kitufe kingine, kwa sababu kitufe kilekile cha kuingilia kinavutwa kwa nje.

Ukaguzi huo wote SimSig inao tayari, na umepangwa kwa kufuata maeneo halisi. Ndiyo maana ninamshangaa mtu anayeanza kuandika upya ndani ya Arduino, kile kibao kidogo cha kielektroniki unachokiandikia programu mwenyewe, masharti ya pointi gani isisogee wakati gani. Anajenga mfumo wa pili wa usalama, dhaifu kuliko wa kwanza, na siku mifumo hiyo miwili itakapotofautiana atakuwa na paneli inayomdanganya.

Mpangilio wangu una sehemu tatu. SimSig ina lango la kuunganishia programu za nje, ambalo linatoa na kupokea taarifa za maandishi kwa itifaki ya STOMP, ileile ambayo Network Rail, shirika linalosimamia reli za Uingereza, imeitumia kutoa data zake za wazi za mwenendo wa treni. Kwenye kompyuta hiyohiyo kuna programu fupi ya Python ninayoiita daraja, yenye jedwali moja tu, linalosema kwamba kipande fulani cha reli ni taa namba fulani na kwamba kitufe namba fulani ni ishara fulani. Arduino Uno, iliyounganishwa kwa waya wa USB, inapokea kutoka kwenye daraja mistari kama "L37=1" na kurudisha mistari kama "K05=1". Arduino haijui kama L37 ni reli au ni taa ya ukumbini. Kumbukumbu pekee iliyopo nje ya SimSig ni ile ya daraja kushikilia kitufe cha kwanza hadi cha pili kibonyezwe.

Kuhusu taa, kila kipande cha reli kinahitaji nyekundu moja na nyeupe moja, na kila ishara nyekundu moja na kijani moja. Msihangaike kuonesha rangi ya njano moja na njano mbili, kwa kuwa kwa kawaida hata paneli za kweli humwambia msimamizi tu kwamba ishara imefungwa au imefunguka. Eneo lenye vipande 40 na ishara 20 linafikisha taa 120, nazo zinaendeshwa na chipu 15 za 74HC595, kila moja ikiwa na milango minane ya taa, zilizofuatana mkufu mmoja, zikitumia pini tatu tu za Arduino. Vitufe vinasomwa kwa chipu za 74HC165 kwa mtindo huohuo, kila mlango ukiwa na rezista ya kilo-omu 10 ya kuuvuta juu. Najua wapo wanaopenda MAX7219, ambayo moja inabeba taa 64 kwa rezista moja, na kwa kweli inaokoa nafasi; lakini taa zake zimefungwa kwa mtindo wa gridi, na kulehemu kubaya mahali pamoja kunaweza kuvuruga safu nzima, ilhali kwenye 595 taa iliyozimika ina waya wake na unaufuata kwa mita ya kupimia umeme hadi mwisho.

Hesabu ya umeme isirukwe. Taa nyekundu inatumia kama volti 2, hivyo kwenye volti 5 zinabaki 3. Ukitaka miliampea 5, rezista ni omu 600, nawe utachukua ya 560 au 680 iliyopo dukani. Nyeupe inatumia karibu volti 3, kwa hiyo omu 390 inatosha. Miliampea 5 kwa taa nane ni 40 kwa chipu, na kikomo cha 74HC595 nzima ni 70. Taa zote zikiwaka pamoja zinafika miliampea 600, kiasi ambacho USB ya kompyuta haikukusudiwa kukibeba, kwa hiyo paneli ipewe chaja yake ya simu ya volti 5 na ampea 2, na hasi ya chaja iunganishwe na hasi ya Arduino. Karibu na kila chipu iwepo kapasita ya nanofaradi 100; wanaoiacha ndio wanaorudi kuuliza kwa nini taa zinawaka ovyo kila feni inapowashwa.

Uso wa paneli ni bati la alumini na stika iliyochapishwa na fundi wa mabango. Yeye anahitaji faili la mchoro tu, wala hatakuuliza reli ni ya wapi. Chapisha kwanza mchoro uleule kwenye karatasi, ubandike juu ya bati kwa gundi nyepesi, utoboe matundu ya milimita 3 kwa keekee, kisha ubandue karatasi na kubandika stika, halafu uyafungue matundu kwa wembe kutoka mbele. Ukitoboa stika ikiwa tayari juu ya bati, keekee inainyanyua na kuichana. Kila taa ivishwe kwa nyuma kipande cha mrija mweusi ule unaokazwa kwa moto, la sivyo nyeupe moja itang'aza majirani zake watatu.

#2 Saketi Nyeupe

Mkuu Keekee, asante kwa maelezo. Nina pingamizi dogo. Nimejaribu kuunganisha taa chache kwa mtindo wako, na baina ya kubonyeza kitufe cha kutokea na taa kuwaka kuna muda unaoonekana kwa macho, hasa pointi zinapotakiwa kusogea. Je, kuna ubaya gani Arduino ikiwasha taa nyeupe papo hapo, kisha SimSig ikija kukataa izizime? Mtumiaji angeona paneli ni nyepesi zaidi mkononi.

#3 Keekee

Muda unaouona mwingi si wa waya. Pointi halisi zinachukua sekunde kadhaa kusogea na kujifunga, na SimSig inaiga hilo kwa makusudi. Ukiwasha taa mapema umefuta kitu ambacho msimamizi halisi anakitazama kwa makini, kwani anabonyeza na kusubiri kuona kama njia imekubaliwa. Kitu cha kujibu papo hapo ni kitufe chenyewe, ambacho kinamweka kuonesha kwamba ombi limeshikwa.

Kisa kibaya zaidi kipo upande wa kufuta. Chukulia umepanga njia, ishara imefunguka, na treni inakaribia. Ghafla unabadilisha mawazo na kuvuta kitufe. Ishara inafunga mara moja, lakini njia haiachiliwi, kwa sababu dereva aliyekwisha kuona kijani huenda asiweze kusimama kabla ya pointi. Mfumo unaishikilia njia mpaka muda maalumu upite, mara nyingi dakika kadhaa, au ithibitike kwamba treni imesimama. Muda wote huo taa nyeupe zinapaswa kuendelea kuwaka nyuma ya ishara nyekundu. Arduino inayozima taa kwa kuwa kitufe kimevutwa itakuonesha reli iliyo huru ilhali imefungwa, utapanga njia nyingine hapo, SimSig itakukatalia, nawe utakaa ukitafuta hitilafu kwenye nyaya zisizo na kosa.

#4 Bi Rilei

Nimefanya kazi ya nyaya za mitambo kwa muda mrefu, ingawa si za reli, na ningependa kuongezea katika eneo ambalo mleta mada amelipita haraka, nalo ni nyuma ya paneli. Taa 120 na vitufe vyake ni nyaya mia na ushei ndani ya sanduku moja, na baada ya muda utahamisha kitu, utabadilisha kingine, na utaacha waya wa zamani ukining'inia kwa kuwa haudhuru kitu.

Waliofuatilia historia ya reli ya Uingereza wanaijua ajali ya Clapham Junction ya tarehe 12 Desemba 1988, iliyoua watu 35. Mafundi walikuwa wakibadilisha nyaya za ishara. Waya mmoja wa zamani ulichomolewa upande mmoja tu; upande wa pili ukabaki na umeme, na ncha iliyochomolewa haikukatwa wala kufungwa kwa utepe. Ncha ile ilirudi ikagusa mahali pake pa zamani kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ikaipa umeme usiostahili, na ishara iliyopaswa kuwa nyekundu kwa sababu mbele yake palikuwa na treni haikuwa nyekundu. Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden uliwagusa hadi wakubwa walioruhusu saa za kazi zisizo na kikomo na ukaguzi usiofanyika.

Kwenye paneli ya nyumbani hafi mtu, lakini hitilafu ni ileile. Ushauri wangu ni kwamba kila waya uwe na namba kwenye ncha zote mbili, na namba hiyo iwe ileile iliyo kwenye jedwali la daraja. Waya usiotumika utolewe mzima mzima. Rangi za nyaya zipangwe kwa kazi na si kwa kipande kilichobaki kwenye roli. Nyaya za ndani ya kebo ya mtandao ya kale zinafaa sana, kwa kuwa ni shaba ngumu, ni nyembamba, na zinakuja kwa rangi nane.

#5 Mkazi wa Luthuli

Salamu kutoka Nairobi. Chipu na taa hapa Luthuli Avenue hazina shida, lakini vitufe vya kubonyeza na kuvuta sijaviona dukani hata kimoja, na kuviagiza kutoka Uingereza kunafanya bei ya kitufe ipite ya Arduino. Ndugu Keekee, wewe uliamuaje? Na nikuulize pia, kwa nini usinunue tu skrini ya kugusa, ukaepuka matundu yote haya?

#6 Keekee

Ndugu, vitufe vya kuvuta niliviacha. Nina kitufe kimoja chekundu cha kufuta pembeni mwa paneli, na njia inafutwa kwa kukishikilia huku ukibonyeza kitufe cha ishara husika. Wajerumani kwenye paneli zao hutumia mikono miwili hata kupanga njia, wakibonyeza mwanzo na mwisho kwa pamoja, hivyo wazo la kuilinda amri nzito kwa mikono miwili si geni kwenye reli. Wapo wanaochagua kubonyeza kwa muda mrefu. Mimi sipendi, maana mtu aliyechoka anaegemea kitufe bila kukusudia. Kwa pointi ninatumia swichi za kuzungusha zenye vituo vitatu: kushoto ni hali ya kawaida, kulia ni hali iliyogeuzwa, na katikati ni kuuachia mfumo uamue wakati wa kupanga njia. Zikae katikati karibu wakati wote.

Vitufe vya kawaida vya bei nafuu vinaruka, yaani mguso mmoja unahesabiwa mara kadhaa ndani ya milisekunde chache. Arduino isubiri kama milisekunde 30 kabla ya kuamini kwamba kitufe kimebonyezwa. Huko ni kusafisha mguso, hakuvunji ile kanuni ya paneli kutokuwa na akili.

Skrini ya kugusa inafanya kazi vizuri, ila kwenye SimSig tayari una skrini. Raha ya paneli ni kidole kukijua kitufe bila jicho kukitafuta, jicho likabaki kwenye treni.

#7 Pugu Stesheni

Wakuu, mimi ni mpenzi wa reli za kwetu. Sina haja ya Cambridge. Ninataka paneli ya njia ya treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa jijini, kuanzia stesheni ya Dar es Salaam kwenda Ubungo, na tawi la Pugu. SimSig haina eneo hilo. Je, kazi yote hii inaweza kuhamishiwa kwenye ramani ya kujichorea?

#8 Keekee

Inaweza, kwa JMRI. Hiyo ni programu huria ya bure, iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye reli ndogo za mezani. Unachora reli zako kwenye kihariri chake, unaweka ishara, na ndani yake kuna zana ya kupanga njia kwa mtindo uleule wa kuingia na kutoka. Haihitaji treni ya mezani. Saketi za reli, yaani zile zinazotambua treni ilipo, zinaweza kuwa za kubuni, ukaziwasha na kuzizima kwa programu ndogo inayojifanya treni. Kazi inayobaki mikononi mwako ni ile ambayo SimSig inakupa bure, yaani kuandika masharti ya usalama ya kila ishara na mwendo wa kila treni, nayo si ndogo. Anza na stesheni moja yenye reli mbili za kupishania na ishara nne. Reli moja inayotumika pande zote mbili ndiyo ngumu kuliko zote kuipangia masharti, na njia uliyoitaja unaijua ilivyo.

Paneli yenyewe haibadiliki hata waya mmoja. Kinachobadilika ni daraja. JMRI inazungumza MQTT, itifaki nyingine ya kupashana ujumbe, ambamo ujumbe wa mwisho wa kila kifaa unaweza kuagizwa ubaki kwenye seva, hivyo daraja likizimwa na kuwashwa tena linapewa hali ya kila taa mara linapojiunga. Halafu JMRI inatofautisha hali nne za kitambuzi: kinahisi treni, hakihisi, hakijulikani, na kinajipinga. Zile mbili za mwisho usizichanganye na "hakihisi". Zipe mmweko wa taa nyekundu.

#9 Bi Rilei

Hapo umegusa jambo nililotaka kuuliza tangu mwanzo. Daraja likianguka, au waya wa USB ukichomoka katikati ya kazi, au umeme ukikatika kwenye kompyuta huku paneli ikiwa kwenye chaja yake, paneli inaonesha nini?

#10 Keekee

Hivi sasa inabaki na taa zilivyokuwa. Nilikuwa ninafikiria izime zote.

#11 Bi Rilei

Kuzima zote ndilo jibu baya kuliko yote. Kwa maelezo yako mwenyewe, kipande kisicho na taa ni kipande kilicho wazi kisichopangiwa njia. Paneli iliyozima inamwambia msimamizi kwamba eneo lote halina treni hata moja.

Tazama saketi ya reli yenyewe inavyofanya tangu William Robinson aipatie hataza Marekani mwaka 1872. Umeme mdogo unapita kwenye reli mbili na kuishikilia rilei juu. Ekseli za treni zikiziunganisha reli hizo, rilei inakosa umeme na kuanguka, na kuanguka kwake ndiko kunakomaanisha kwamba treni ipo. Betri ikifa, waya ukikatika, reli ikivunjika, rilei inaanguka vilevile. Kila hitilafu inasomeka kama treni. Paneli yako nayo ikikosa habari iseme treni ipo kila mahali, hata kama italazimu kuivunja kidogo ile kanuni yako ya kutokuwa na akili.

#12 Keekee

Dada, hoja imeshika, na kanuni ninailegeza hapo tu. Daraja litatuma mapigo kila sekunde hata pasipo na badiliko lolote, na Arduino, ambayo nayo itapewa umeme wa chaja ili isizime USB ikikatika, isipoyasikia kwa sekunde tatu itawasha nyekundu zote za reli, itazima nyeupe na kijani zote, na itaacha kupokea vitufe. Mawasiliano yakirudi, daraja liulize hali ya kila kifaa na kuzituma zote upya ndipo vitufe virudi kufanya kazi. Kwa taa zilizo na rezista nilizotaja, nyekundu 40 ni miliampea kama 200, chaja inabeba bila wasiwasi.

#13 Saketi Nyeupe

Na sekunde ile ya kwanza paneli inapowashwa? Chipu zangu za 595 zinaanza na taa zozote zile, nyeupe na kijani zikiwemo.

#14 Keekee

Pini ya 13 ya kila 74HC595 ndiyo inayoruhusu milango kutoa umeme, nayo inaruhusu ikiwa chini. Ziunganishe pini 13 zote kwenye waya mmoja, uuvute waya huo juu kwa rezista ya kilo-omu 10, kisha uupeleke kwenye pini moja ya Arduino. Umeme ukiingia, milango inabaki imefungwa yenyewe kabla Arduino haijaamka. Arduino ikiamka, jambo la kwanza iujaze mkufu wote nyekundu za reli, kisha iishushe pini hiyo. Uzimaji wa nusu sekunde kabla ya hapo hauna madhara, kwa sababu vitufe havijaanza kusomwa.

Bw. Pugu, ukianza kuchora stesheni yako ya kwanza weka mchoro humu kabla hujatoboa bati, tukague pamoja masharti ya zile ishara nne.